Injini Tutaiwasha Mwisho
(Hotuba ya fundi mmoja mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeitwa nieleze habari za foklifti yetu, yaani ile mashine ya kunyanyulia mizigo tuliyoinunua kwa michango yetu katika mnada wa vitu vilivyoachwa na jeshi. Najua wengi mmekuja na swali moja tu: itawaka lini? Tena wako wanaotaka iwake kabla ya mkutano wa Jumapili, ipite mbele ya watu na bendera yetu juu. Nawajibu wazi: injini ndiyo nitakayoiwasha mwisho.

Msidhani ni uvivu. Wazee wanakumbuka mpango wa karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilipoanza kazi Kongwa, matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, ikanunua yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalikuja yamechakaa, vipuri vilikuwa shida, na mengi yakasimama upesi. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na kiasi cha pauni milioni 36 zikapotea. Sisemi matrekta peke yake ndiyo yaliyouangusha. Mvua ilikuwa haba, na udongo wa kule ukikauka ni mgumu kama saruji. Lakini mashine ya vita iliyolala haifai kuaminiwa kwa kuitazama rangi.

Basi injini yetu haina siri kubwa. Petroli iliyokaa miaka imegeuka gundi. Tutaimwaga, tusafishe tangi na kabureta. Tutafungua plagi, tutie oili kidogo ndani ya kila silinda, tuiache siku chache, kisha tuizungushe kwa mkono. Anayekimbilia stata atakwaruza silinda kwa kutu.

Hatari iko mbele, kwenye nguzo. Meno mawili yanayobeba mzigo huning'inia katika minyororo, na mnyororo haukatiki siku ya kwanza: hurefuka kidogo kidogo. Ukirefuka kwa sehemu 3 katika 100, ni wa kutupwa. Niliupima wetu. Palipotakiwa sentimita 100 nikapata 104. Na lazima tununue miwili pamoja, maana tukibadili mmoja tu mzigo utavutwa upande. Tena asije mtu na mashine ya kuchomelea! Mnyororo hauungwi kwa moto, wala jino lililopata ufa halizibwi hivyo.

Mimi nasema haya kwa kuwa niliyaona. Nilipokuwa kijana, msaidizi wa fundi katika gereji moja, tulifurahi mashine ilipowaka tukainua magunia siku ile ile. Mnyororo ukakatika. Mwenzangu alikuwa akiyapanga magunia kwa chini. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukushika spana tena, naye alikuwa fundi kunishinda mimi.

Mipira ya mafuta ya kunyanyulia nayo imepasuka kwa jua. Ikivuja, vijana, msiitafute tundu kwa kiganja: mafuta yale yakitoka kwa nguvu hupenya ngozi kama sindano, na mtu hukatwa kidole au mkono. Pitisheni kipande cha boksi. Breki nimekwisha zifungua. Sili zake zimekuwa ngumu kama kwato.

Hayo yote yakiisha, tutaiwasha nje, uwanjani, si ndani ya ghala, maana moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyonusika. Tutainua mzigo kidogo tu kutoka ardhini, tupige alama ya chaki kwenye nguzo, tungoje dakika 10, tuone kama unashuka. Hapana mtu kusimama chini ya meno, hata Mwenyekiti. (Kicheko)

Ndugu Mhazini amesema fedha zimebaki za rangi tu. Ninaomba mkutano huu uamue zinunue minyororo. Jumapili foklifti itakuwa hapa hapa ghalani, magurudumu juu ya magogo, na atakayetaka kuiona aje aitazame ilivyo. Na kesho saa moja asubuhi nahitaji vijana wanne wenye matambara na debe la mafuta ya taa. Tutaanza na tangi.