Pengo la Mwezi wa Kwanza: Msaada wa Masomo ya Chuo na Wajibu wa Kamati za Sharika

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika za Ilemela)



Nimeombwa nizungumze juu ya misaada ya fedha kwa vijana wetu wanaokwenda vyuoni. Ombi hilo lilitokana na barua. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ofisi yetu hupokea barua nyingi za sharika, karibu zote zikiwa na maneno yale yale: "Tunaomba kijana wetu asomeshwe." Mfuko wetu hauwezi kusomesha hata sehemu ndogo ya vijana hao. Kwa hiyo leo naleta pendekezo kwamba tubadili namna tunavyoutumia, na najua si kila mtu humu ndani atalipenda.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa shahada ya kwanza ambaye ada yake ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Kiwango cha juu cha chakula na malazi ambacho Bodi ya Mikopo imekuwa ikitumia miaka hii ya karibuni ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo, hiyo ni 2,400,000. Jumla ni 3,700,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 11,100,000, kabla hujanunua hata daftari. Huyo ni mtoto mmoja tu. Usharika ukimchagua huyo mmoja, wengine kumi na wanne waliofaulu mwaka ule ule watarudi nyumbani na pole.

Upande wa pili ipo fedha ya umma. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kabla ya hapo mikopo ilitolewa na Wizara tangu mwaka 1994, na kabla yake, wazee mnakumbuka, Serikali ilibeba gharama zote kwa wachache waliopata nafasi. Bajeti ya mikopo mwaka 2020/21 ilikuwa shilingi bilioni 464, na mwaka 2024/25 ilizidi bilioni 780. Harambee yoyote ya usharika, hata ile ya Krismasi, haiwezi kukaribia fedha kama hiyo. Swali langu kwa kamati ni hili: kwa nini kijana wa Sangabuye au Kayenze aliyefaulu vizuri na mwenye shida ya kweli aikose?

Kwa tuliyoyaona ofisini, mara nyingi haikosi kwa sababu ya alama zake. Anaikosa kwa sababu ya karatasi.

Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuleta cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Mzazi au mwombaji mwenye ulemavu anahitaji uthibitisho wa mganga mkuu. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF inaonyesha namba yake. Fomu inahitaji saini ya serikali ya mtaa au kijiji, mhuri wa wakili au hakimu, na mdhamini mwenye kitambulisho na picha. Ada ya maombi yenyewe imekuwa shilingi 30,000. Sasa mfikirieni mjane wa Igombe ambaye mume alizama ziwani miaka tisa iliyopita. Alizikwa, watu wakalia, tanga likaanuliwa. Nani alikwenda kuchukua cheti cha kifo? Mtoto ni yatima, kijiji kizima kinajua, lakini kwenye mfumo wa kompyuta ana baba.

Na majina! Mtoto alibatizwa Yohana, shuleni akaandikishwa John, kwenye cheti cha kuzaliwa likawekwa jina la babu kwa sababu shangazi ndiye aliyekwenda kuandikisha. Kila tofauti ya jina inadai kiapo na safari ya kwenda mjini. Hapa usharika una kitu ambacho ofisi nyingine hazina, nacho ni kitabu cha ubatizo. Mtu anayeandikisha kuzaliwa kwa kuchelewa anaweza kutumia cheti cha ubatizo kama mojawapo ya vielelezo vyake. Nimeingia katika ofisi za sharika nikakuta kitabu hicho kimeliwa na mchwa chini ya maboksi ya vipaza sauti. Wapendwa, kitabu kile ni mali kuliko vipaza sauti.

Jambo la tatu ni muda. Dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa karibu na Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, wakati mwingine likiongezewa siku chache. Miezi hiyo hiyo wengi wa waliomaliza kidato cha sita wameitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Kijana yuko Rwamkoma au Bulombora anakimbia mchakamchaka, fomu iko Ilemela, na mama hajui neno la siri la akaunti. Akirudi ana wiki mbili, au hana kabisa. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo na kitambulisho cha mdhamini ni vitu vya kutafuta tangu mtoto akiwa kidato cha tano. Kijana akishaondoka kwenda kambini tumekwisha kuchelewa.

Liko kundi jingine linaloniumiza zaidi, nalo nitalieleza kwa kirefu kidogo. Ni mtoto mwenye wazazi wote wawili hai, wasio na ulemavu, wasio kwenye TASAF, na wasio na kitu. Umaskini wao hauna cheti. Baba ni kibarua kwenye mtumbwi wa dagaa. Mnajua fedha ya dagaa inavyokuja: wakati wa giza watu wanavua na fedha inaonekana, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala ufukweni na nyumba inakopa unga dukani. Ukimwuliza baba huyo kipato chake cha mwezi hawezi kukujibu, wala si kwamba anaficha.

Tena pengine mtoto huyo alisoma shule binafsi ya ada kubwa, kwa sababu mjomba alilipa, au usharika wenyewe ulilipa. Bodi ikiona jina la shule ile ina haki ya kuuliza mzazi alipata wapi fedha. Dawa yake ipo: barua ya mfadhili aliyemlipia, yenye vielelezo vya malipo. Bodi inaipokea kama kielelezo. Je, sharika zetu zinatunza stakabadhi za ada tulizowalipia watoto wa sekondari? Nyingi hazitunzi. Tulitoa sadaka kwa moyo mzuri, karatasi zikapotea, na wema wetu ukageuka kikwazo kwa mtoto tuliyetaka kumsaidia.

Lakini nisisitize: barua hiyo iseme kweli. Nimeletewa barua za kumwombea mtoto wa mtu mwenye maduka mawili Kirumba kwa maelezo kuwa "familia ni duni." Siandiki barua ya namna hiyo na nawaomba msiandike. Uwongo wa usharika mmoja unaharibu neno la sharika zote, na nafasi ile inachukuliwa kwa mtoto mwingine ambaye hana wa kumwandikia.

Sasa nije kwenye pendekezo lenyewe. Tuseme kijana amepata mkopo. Matokeo hutoka kwa awamu, chuo kinafunguliwa, na ile fedha ya kujikimu ambayo vijana wanaiita bumu (mzee mmoja aliposikia aliuliza kama ni silaha) haiji siku ya kufika. Inakuja baada ya usajili, baada ya kusaini, na wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Kabla ya hapo anahitaji nauli kutoka stendi ya Nyamhongolo hadi Dodoma, Iringa au Mbeya. Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400. Anahitaji godoro, kodi ya mwanzo ya chumba kama amekosa bweni, na ugali wa kila siku. Na kama Bodi imempa sehemu tu ya ada, chuo kinaweza kumtaka alipe salio kabla ya kumsajili. Wako vijana wa pwani hii ya ziwa waliopata mkopo wa mamilioni wakashindwa kuufikia kwa kukosa laki tatu au nne. Wengine walibaki nyumbani. Binti mmoja wa Kayenze alifika chuoni akalala kwa zamu kitanda kimoja na wenzake wawili kwa wiki tano, akila mara moja kwa siku, na mtihani wa kwanza akaufanya hivyo.

Tukikadiria pengo hilo kuwa shilingi 400,000 kwa kijana, ile 11,100,000 ya kumsomesha mmoja hadi mwisho ingewavusha vijana 27 katika mwezi wa kwanza. Hilo ndilo pendekezo langu: mfuko wetu uache kulipa ada nzima ya wachache, uanze kulipia nyaraka, maombi na pengo la mwezi wa kwanza kwa wengi. Walio ndani ya mpango wa sasa wamalizie masomo yao kama tulivyowaahidi.

Najua ugumu uko wapi. Mfadhili anayemsomesha mtoto mmoja anapata barua, anapata picha ya mahafali, anamjua kwa jina. Nani atapiga picha na cheti cha RITA? Ndugu wafadhili, nawaelewa. Lakini mkumbuke jambo lililotokea Septemba 1959. Vijana 81 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa jitihada za Tom Mboya. Wengi walikuwa wamekwisha kupata nafasi na ufadhili wa vyuo huko, ila nauli ya kuvuka bahari hawakuwa nayo. Wachangiaji wa Marekani walikodi ndege, na huku nyumbani familia na majirani zikachangishana fedha za matumizi. Fedha ile ya ndege haikuwa karo ya mtu yeyote, lakini bila hiyo karo ingebaki huko huko Marekani.

Kuna waliouliza kama si vibaya kanisa kumsukuma kijana kwenye deni. Ni deni kweli, na mzazi aambiwe hivyo kabla hajasaini. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000. Aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa kila mwezi. Hata hivyo mzigo ulipungua mwaka 2021: tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia alitangaza kuifuta kwenye Mei Mosi hapa hapa kwetu, uwanja wa Kirumba, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa, zote ziliondolewa. Mkopo huu hauchukui shamba wala mtumbwi wa mzazi. Hofu hiyo nimeikuta Bugogwa na Shibula, na imewazuia watu kujaza fomu.

Ufadhili usiorudishwa upo pia, tusiusahau. Kuanzia mwaka 2022/23 Serikali inatoa ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, na Benki Kuu ina mfuko wenye jina la Mwalimu Nyerere. Hizi ni nafasi za wenye alama za juu kabisa. Mwenye alama hizo aombe, ila kamati isimwambie kila mtoto asubiri hizo.

Na wapo ambao Bodi haiwafikii kabisa. Stashahada za fani fulani, kama afya na ualimu, zilianza kukopeshwa mwaka 2023/24, lakini ngazi ya cheti na ufundi wa VETA bado ziko nje. Kijana anayetaka kujifunza uchomeleaji au umeme pale VETA Nyakato hana Bodi ya kumwendea. Kwa hao tu ndipo ningependa tuendelee kulipa ada nzima, maana ni ndogo, kozi ni fupi, na hakuna mwingine wa kulipa.

Kuhusu nani achaguliwe, nitasema kifupi. Mjumbe mwenye mtoto au ndugu kwenye orodha atoke nje jina linapojadiliwa, na majina yote yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, waliopata na waliokosa. Tusiangalie dhehebu la mtoto. Bodi haiangalii, nasi tunaomba fedha kwa watu wa madhehebu yote.

Ninachoomba kwenu leo ni uamuzi wa kila kamati, ndiyo au hapana, uandikwe kwenye muhtasari na kufika ofisi ya miradi kabla ya kikao kijacho cha halmashauri. Mtakaokubali, leteni pamoja nao majina ya vijana wote wa kidato cha tano katika usharika wenu, na mbele ya kila jina andikeni anacho cheti cha kuzaliwa au hana, na kama amefiwa, cheti cha kifo kipo au hakipo. Wasio na vyeti tutaanza nao mara moja. Fedha ya kazi hiyo ipo na haihitaji kusubiri mfadhili.

Naomba kuwasilisha.