Hadithi za Kogo na Simu ya Darasani

Matini ya mazungumzo kwa wazazi na walimu wa chekechea, Roret, Bureti



Mada hii ina pande mbili ambazo watu wengi huziona kama maadui. Upande mmoja kuna ngano za watoto, ambazo Wakipsigis huziita atindonik, pamoja na vitendawili, yaani tangoch. Upande wa pili kuna simu, vishikwambi, projekta na kompyuta za darasani. Mzee hulalamika kwamba simu imeua hadithi. Kijana humjibu kwamba habari za zimwi zimepitwa na wakati. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, lakini mtoto wa PP2 hawezi kungoja ubishi huo uishe. Anahitaji vyote viwili, na zaidi anahitaji mtu mzima wa kumuunganishia.

VIFAA VILIFIKA, HADITHI ZIKACHELEWA

Mwaka 2013 serikali ya kitaifa iliahidi kuwapa watoto wa darasa la kwanza vifaa vya kidijitali. Ugawaji ulianza 2016, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 kote nchini. Shule ilipata vishikwambi vya wanafunzi, vifaa vya walimu, projekta na mtambo wa kuhifadhia masomo.

Yaliyofuata yanajulikana. Kuna shule zilizovitumia vizuri. Kuna nyingine ambako vilifungiwa kabatini kwa sababu betri zilikufa, walimu hawakupata mafunzo ya kutosha, au wasimamizi waliogopa wizi. Funzo lake ni jepesi: kifaa ni kama ghala. Ghala hata likijengwa kwa mabati mapya halimshibishi mtu mpaka mahindi yatiwe ndani.

Mpango huo ulikuwa wa shule za msingi. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mtaala nao unataka mtoto wa PP1 hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo anakotoka. Kwa hiyo mtoto wa Roret anapaswa kuanza safari ya shule akisikia Kikipsigis. Lakini tazama rafu ya vitabu. Hadithi za watoto kwa Kiingereza ni nyingi, za Kiswahili zipo, za Kikipsigis ni chache mno. Zilizo nyingi zimo vichwani mwa akina kogo, na kila mwaka baadhi yao huondoka nazo.

NGANO NI SOMO LINALOSOMEWA

Wapo wanaodhani kufundisha hadithi ni kupoteza muda kabla ya kengele. Sivyo. Huko Ufaransa, Charles Perrault alichapisha ngano zake mwaka 1697. Ujerumani, ndugu wawili wa jina Grimm walitoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812, nao wakaendelea kuzirekebisha toleo baada ya toleo hadi 1857, wakizilainisha ili ziwafae watoto. Zanzibar, Edward Steere alikusanya hadithi za Waswahili na kuzichapisha 1870. Karibu na nyumbani, A. C. Hollis alichapisha 1909 kitabu juu ya Wanandi, ndugu wa damu na lugha wa Wakipsigis, chenye ngano, methali na vitendawili. Mwaka 1991 Profesa Ciarunji Chesaina akatoa kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Wakalenjin.

Mwalimu anayeisoma historia hiyo hujifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kuingia darasani. Nani aliisimulia hadithi hii? Nani aliibadilisha? Inamfaa mtoto wa umri gani? Maswali hayo hayo ndiyo anayopaswa kuyauliza anapofungua video ya katuni kwenye simu.

Chukua mfano mmoja. Mama anakwenda kutafuta chakula na kuwaonya watoto wasimfungulie mtu mlango. Zimwi linakuja na kuiga sauti ya mama. Watoto wakifungua, wameliwa. Ngano ya namna hii husimuliwa kwa sura nyingi barani Afrika. Kwa Grimm mlaji ni mbwa mwitu na watoto ni wanambuzi saba. Mtoto wa huku akiambiwa mlaji ni chemosi, hahitaji picha kumwelewa.

Mwaka 2013 mtafiti Jamshid Tehrani wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, aliingiza katika kompyuta matoleo 58 ya ngano za aina hiyo na zile za msichana mwenye kofia nyekundu kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Alitumia mbinu ambayo wanabiolojia huitumia kuchora ukoo wa viumbe. Kompyuta ilionyesha kwamba hadithi za Afrika zilizochunguzwa ziko karibu zaidi na ile ya mbwa mwitu na wanambuzi. Kwa hiyo kompyuta na ngano zimeshakutana, na hakuna iliyomuua mwenzake.

SAUTI INAYOIGA YA MAMA

Kuna sababu nyingine ya kuichagua ngano hiyo. Katika nchi ya majani chai, mzazi hutoka alfajiri kwenda kuchuma, kisha hupanga foleni kwenye kituo cha kuuzia. Mtoto hubaki na kogo, au na dada mkubwa, na mara nyingi hubaki na simu. Katika simu hiyo huja sauti za watu asiowajua: anayejifanya rafiki, anayeomba picha, anayetaka namba ya siri ya M-Pesa ya mama. Siku hizi kuna hata programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu.

Mtoto wa miaka mitano haelewi maneno kama usalama wa mtandaoni. Lakini anaelewa kabisa kwamba mlango haufunguliwi kwa sababu tu sauti ni tamu. Wazee waliliweka onyo hilo ndani ya hadithi zamani, kabla ya nguzo ya umeme kufika kijijini. Anayesema ngano za zimwi zimepitwa na wakati hajatazama kinachoingia kwenye simu ya nyumbani kwake.

SOMO MOJA, SIMU MOJA

Mwalimu wa chekechea hahitaji chumba kilichojaa kompyuta. Simu moja yenye chaji inatosha, na somo linaweza kwenda hivi.

Kwanza, simu ikae mfukoni. Mwalimu asimulie hadithi kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani, akitazama macho ya watoto. Afike mahali zimwi linapobisha hodi, asimame, aulize: “Mngefanya nini?” Mtoto anayejibu hapo anafikiri. Video haimngojei ajibu.

Pili, watoto waigize. Mmoja awe mama, mwingine zimwi, wengine wawe nyumbani. Sasa mwalimu atoe simu na kurekodi sauti pekee.

Tatu, wasikilize rekodi. Wabahatishe ni nani aliyesema nini. Watagundua kwamba sauti peke yake inaweza kudanganya, na somo zima limo humo.

Nne, wachore. Mwalimu aandike chini ya kila mchoro sentensi fupi ambayo mtoto mwenyewe ameitamka. Michoro ikishonwa pamoja, darasa lina kitabu chake cha Kikipsigis. Ikipigwa picha kwa simu, kitabu kinaweza kufika hata kwa darasa la kijiji cha pili.

Kwa shule inayotaka kwenda mbele zaidi, upo mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kuzinduliwa 2014. Hadithi zake za picha ni za bure na zimo katika lugha nyingi za Afrika. Leseni zake zinaruhusu mwalimu kuzitafsiri, kuzibadilisha na kuzichapisha, na ana nafasi ya kuunda hadithi mpya. Hadithi ikishapakuliwa, husomwa bila intaneti.

Muda nao una mipaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku akiwa ameketi mbele ya skrini, na kwamba pungufu ni bora. Wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

HADITHI INA MWENYEWE

Kijana mwenye simu anaweza kuanza wikendi hii kwa kumrekodi kogo wake. Lakini kuna adabu na kuna sheria. Kogo aombwe ruhusa na aambiwe rekodi itakwenda wapi. Jina lake, kijiji na tarehe vitajwe mwanzoni mwa rekodi, ili mtoto wa baadaye ajue hadithi ilitoka kwa nani. Asikatizwe, na asilazimishwe kusema kwa Kiswahili kile anachokijua kwa Kikipsigis.

Sheria ya Ulinzi wa Maarifa Asilia na Semi za Kitamaduni ya 2016 inatambua kwamba ngano kama hizi ni mali ya jamii, na inazipa kaunti wajibu wa kuzisajili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Kwa hiyo picha na sauti za watoto wa darasani zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp kwa sababu tu zinachekesha.

SWALI LA KUULIZA KWENYE MKUTANO WA BAJETI

Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mara nyingi mikutanoni huulizwa barabara, maji na zahanati, na ni haki kuuliza. Ongezeni chekechea. Msiishie kuuliza madarasa mangapi yatajengwa au vifaa vingapi vitanunuliwa. Ulizeni pia: mwalimu atapewa mafunzo gani ya kuvitumia? Ndani yake mtakuwa na hadithi gani, na kwa lugha gani? Kikiharibika, nani atakitengeneza? Kifaa kikinunuliwa bila majibu hayo, kabati linakingoja.

Na nyumbani, kazi haihitaji bajeti. Mzazi akirudi jioni, simu iwekwe kwenye chaji kwa dakika ishirini na mtoto asimuliwe hadithi moja. Asiyekumbuka hadithi amwombe kogo, naye mtoto asikie mzazi wake akiuliza. Kesho yake mtoto atakwenda shuleni na jambo la kusimulia, na mwalimu mwenye simu moja atakuwa na jambo la kurekodi.