Sifa si Majivuno: Kuandika Wasifu kwa Ajili ya Kazi za Mashirika ya Kimataifa



 Naishukuru Kamati kwa kunipa dakika chache nizungumze na vijana juu ya kuandika wasifu, ambao wengi wenu mnauita CV, hasa kwa wale wanaoomba kazi katika mashirika ya kimataifa ya maendeleo. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi nilichambua maombi ya kazi. Nitasema basi yale yanayoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Siku hizi jambo hili limekuwa zito zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la USAID likakoma kuendesha miradi. Hapa KwaZulu-Natal miradi ya UKIMWI iliyotegemea fedha hizo ilipunguza watumishi, na mingine ikafungwa. Hivyo kijana anayeomba nafasi leo amepanga foleni moja na watu wenye uzoefu wa miaka mingi waliopoteza kazi zao. Nasi tunao vijana wenye shahada wanaolinda magari kwenye maegesho ya mji huu. Hatuna uwezo wa kuongeza nafasi za kazi, lakini tuna uwezo wa kuhakikisha kwamba hakuna mwenzetu anayekosa kazi anayoistahili kwa sababu tu ameandika vibaya.

Tatizo la kwanza ninaloliona katika wasifu wa vijana wetu limetokana na malezi mema. Tumefundishwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena tukaonywa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi kijana aliyesimamia mradi mzima huandika, "Tulishiriki katika shughuli za maji," na msomaji asijue kama yeye alishika jembe, kalamu au birika la chai. Lakini itazameni lugha yetu yenyewe. Neno "sifa" lina maana mbili: zipo sifa za kusifiana, na zipo sifa za mwombaji, yaani yale yanayomstahilisha kupewa kazi. Tangazo la kazi linauliza hizo za pili. Anayezitaja hajivuni, anajibu alichoulizwa, kama shahidi mbele ya hakimu: nilikuwepo, nilifanya hivi, matokeo yakawa haya.

Kwa hiyo zingatieni mambo matano.

Kwanza, lisomeni tangazo kabla ya kushika kalamu, na mtenge masharti ya lazima na yale yanayopendelewa tu. Katika Umoja wa Mataifa, nafasi ya kimataifa ya daraja la P-3 kwa kawaida hudai shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 5; ya P-2 hudai miaka 2. Mwenye shahada ya kwanza pekee mara nyingi hutakiwa kuwa na miaka 2 ya ziada. Miaka hiyo huhesabiwa, kwa hiyo andikeni mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza kila kazi. Angalieni pia uraia. Nafasi za maofisa wa kitaifa ni za raia wa nchi husika: mwenye pasipoti ya Tanzania anayeishi Durban hatapewa nafasi hiyo Pretoria, lakini anaweza kuiomba Dar es Salaam.

Pili, kila kazi ielezwe kwa kitendo, kiasi na matokeo. Maneno "Nilihusika na elimu ya afya" hayasemi kitu. Lakini mtu akiandika, "Nilifundisha wahudumu 24 wa afya katika kata 3 kwa miezi 6, 20 kati yao walihitimu na kuanza kutembelea kaya," maneno hayo yanapimika. Tena usaili wa mashirika haya huuliza vivyo hivyo: eleza jambo ulilolifanya, ulilifanyaje, likaishia wapi. Aliyeandika hivyo amekwisha kujiandaa.

Tatu, msiidharau kazi isiyo na mshahara. Aliyeshika hazina ya chama cha mazishi ametunza fedha za watu na kutoa hesabu. Aliyewatafsiria wakimbizi wa Kongo hospitalini amefanya kazi ambayo mashirika huajiri watu waifanye. Aiandike, na aseme wazi kwamba alijitolea. Kadhalika lugha. SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Mtoto wetu mwenye Kiswahili cha nyumbani, Kizulu cha mtaani na Kiingereza cha shuleni ana akiba kubwa. Ataje kiwango chake cha kusema, kusoma na kuandika katika kila lugha.

Nne, acheni yasiyoulizwa: dini, kabila, ndoa, idadi ya watoto, namba ya kitambulisho. Kurasa 2 au 3 zinayatosha mashirika mengi yasiyo ya kiserikali. Umoja wa Mataifa una fomu yake, nayo hutaka habari za kazi zote. Basi wekeni nyumbani kumbukumbu ndefu ya kila mlichofanya, na kila mnapoomba mchukue humo kinachohusika.

Tano, kweli. Vyeti vya nje hupimwa hapa Afrika Kusini na mamlaka iitwayo SAQA. Msingoje kuitwa kwenye usaili ndipo mkavipeleke. Sheria ya marekebisho ya mwaka 2019 inataja kifungo cha hadi miaka 5 kwa mwenye kudanganya juu ya elimu yake. Msimtaje mdhamini kabla ya kumwomba ruhusa. Na yeyote anayewadai ada kwa jina la Umoja wa Mataifa ni tapeli, kwa maana Umoja huo hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Nanyi wazee wenzangu, nina ombi. Tuache kuwaambia watoto, "Ongeza kidogo, nani atajua?" Tuache pia kuwauliza, "Huko unamjua nani?" kana kwamba jasho lao si kitu. Ukoo huu una walimu, wauguzi na wahasibu, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Muscat na London. Kabla wasifu haujatumwa, na usomwe na ndugu wawili: mmoja anayeijua kazi hiyo na mmoja asiyeijua. Huyu wa pili akishindwa kueleza kijana alifanya nini, na uandikwe upya. Nitakaa kwenye meza ya karibu na mlango baada ya chakula cha mchana. Mwenye wasifu wake aje nao tuusome.