Mguu Mmoja Hauvuti Mabehewa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari za ubao wa Arduino Uno, ambao tawi lilinunua kwa michango yetu ili vijana wajifunze jioni. Twasikia ulizo lile lile: mbona mguu mmoja wa chip umekufa, na mingine yafanya kazi? Wengine husema chip ilitoka dukani mbovu. Sisi hatukubali. Iliuawa kwa mzigo.

Chip hiyo yaitwa ATmega328P. Karatasi ya watengenezaji yataja miliampia 40 kwa kila mguu, na wengi hudhani hiyo ni ruhusa. Sivyo! Huo ni mpaka wa kuharibika. Mzigo wa kazi ni miliampia 20. Tena chip nzima isipitishe zaidi ya 200. Basi miguu 10 yenye 20 kila mmoja imekwisha kufika mpakani, ijapokuwa hakuna mmoja uliokosa. Sisi wa reli twalijua jambo hili: kila behewa huwa na uzito wa halali, na garimoshi zima likaishinda injini.

Taa ndogo nyekundu ya LED hula kama volti 2. Katika volti 5 zabaki 3, na rizista ya omu 220 hupitisha kama miliampia 14. Yatosha.

Lakini rilei ndiyo inayotumalizia fedha. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 huwa na omu 70 hivi, maana yake miliampia 71. Hata ikivutika leo, mguu unaumia. Mpiga bendera havuti treni. Hutoa ishara tu. Kazi ya kuvuta na ipewe transista. Weka rizista ya omu 1000 kati ya mguu wa chip na besi ya transista, nao mguu utatoa kama miliampia 4 tu. Koili ichukue umeme wake katika waya wa volti 5. Tena hapana budi dayodi ifungwe kuvuka koili, mstari wake upande wa chanya, kwa maana koili ikikatiwa umeme ghafula hurudisha volti nyingi, na transista hufa.

Wenye ESP32 wajue kwamba miguu yake ni ya volti 3.3. Waya wa volti 5 usiiguse kabisa.

Transista na dayodi ziko kwa Katibu. Afungaye rilei achukue zote mbili kabla ya kuwasha.