Mtoto Akitimiza Mwaka: Usiogope Kuandika "Bado"

Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha wazazi

Wazazi wenzangu, watoto wakilia msihangaike, kikao ni chao.

Nimeombwa niseme juu ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja. Mwezi huo wengi wenu mna miadi kwa daktari. Atapimwa urefu, uzito na kichwa, atachanjwa surua na tetekuwanga, na atatolewa damu kidogo kupima madini ya risasi. Kipimo hicho msikikimbie. Nyumba nyingi tunazopanga hapa Marekani ni za zamani, na zile za kabla ya 1978 mara nyingi zilipakwa rangi yenye risasi. Mtoto anayetambaa hapeleki mkono mahali pengine ila mdomoni. Mengine daktari atawaeleza, na mkalimani mnaye haki bila kulipa. Mimi nataka niseme juu ya ile karatasi mnayopewa mkiwa bado mnasubiri.

Inauliza: mtoto anageuka akiitwa jina? Anapunga mkono kuaga? Anashikilia kochi akasimama? Anaokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada? Ukificha kitu chini ya kitambaa, anakitafuta? Kila swali lina majibu matatu: ndiyo, mara nyingine, bado.

Mwanangu wa kwanza alipofikisha mwaka, mimi tayari nilikuwa mfanyakazi wa ofisi hii. Karatasi ile nilishawasomea wazazi wengi. Siku hiyo nikakaa na mke wangu, mtoto mapajani, nikaweka alama ya "ndiyo" kuanzia juu hadi chini. Tulipofika kwenye swali la jina, mke wangu akanigusa goti. Nikamwambia polepole, "Acha, ataanza tu." Akanyamaza.

Alikuwa na sababu ya kunigusa. Mara mbili alishaniambia kwamba sufuria imeanguka jikoni na mtoto hakushtuka. Nami nilikuwa nimempigia mama yangu simu Nyarugusu, akacheka: "Hata wewe ulichelewa kusema." Neno la mama nikalishika, kwa sababu ndilo nililotaka kusikia. Isitoshe, alipozaliwa masikio yake yalipimwa hospitalini yakaonekana mazima. Nikasema, basi, hilo limekwisha.

Nimejiuliza sana kwa nini nilidanganya, tena mtu niliyesoma, tena katika kazi yangu mwenyewe. Nadhani wengi wenu mtanielewa. Kambini tulihojiwa miaka na miaka. Uliulizwa tarehe, majina, nani alikuwa wapi, na mwaka uliofuata uliulizwa yale yale. Ukijibu tofauti, faili lako linasimama. Tulijifunza kwamba mtu mwenye meza na kalamu anatafuta kosa. Kwa hiyo unajibu vizuri, unajibu sawasawa, unaondoka. Na kliniki ya kambi ilikuwa na swali moja kubwa: ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Ukisoma kijani, mama anarudi nyumbani ana furaha. Hakuna aliyetuuliza kama mtoto anapunga mkono.

Karatasi ya hapa sivyo ilivyo. Ukiandika "ndiyo" kila mahali, faili linafungwa na wewe unarudi nyumbani na wasiwasi wako. Ukiandika "bado", ndipo msaada unaanza.

Kwetu sisi, msaada ulichelewa miezi mitatu kwa sababu yangu. Kwenye miadi ya miezi 15 nilikuwa kazini. Mke wangu alikwenda peke yake, akazungumza kupitia mkalimani wa simu, akajibu "bado" mara nne. Daktari akatutuma kupima masikio upya. Mtoto alikuwa ameugua masikio mara kadhaa ule msimu wa baridi, na nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na majimaji yaliyokwama. Alisikia kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya maji. Tukasubiri kuona kama yatakauka, hayakukauka, akawekewa vijibomba vidogo masikioni. Mimi nilikuwa nimemwita miezi mingi nikidhani ni mkaidi. Hilo bado linaniuma, siwafichi.

Daktari alituandikia pia huduma inayoitwa Early Intervention. Ni ya watoto ambao hawajafika miaka mitatu. Upimaji wake ni bure, na si lazima umngoje daktari: mzazi anaweza kupiga simu mwenyewe. Sheria inawapa siku 45 tangu siku mtoto anapopelekwa kwao mpaka wawe wamempima, na kama anastahili, wawe wamekaa nanyi kupanga msaada. Hakuna kinachofanyika bila sahihi yenu. Nalisema hili kwa sababu najua kinachosemwa makanisani na kwenye makundi ya simu, kwamba ukikiri mtoto ana tatizo atachukuliwa. Huduma hii haichukui mtoto. Kwetu alikuja mama mmoja mara moja kwa wiki, akakaa chini kwenye mkeka wetu, akacheza na mtoto kwa vikombe na masufuria yetu wenyewe.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama tuache Kiswahili, maana jirani alisema lugha mbili zinamchanganya mtoto. Akasema hapana: ongeeni naye lugha mnayoijua vizuri, mwimbieni, mtajieni kila kitu mnachoshika. Maneno yake yatahesabiwa yote, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Bibi yenu akiwa nyumbani na hajui Kiingereza, huyo ni mwalimu, mwacheni aseme.

Msichukue maneno yangu mkaanza kulala na hofu. Kutembea, kwa mfano, kuna watoto wanaoanza na miezi tisa na wengine na miezi kumi na minane, na wote ni wazima. Mashindano ya kina mama kwenye simu, video za mtoto wa fulani anakimbia, yaacheni. Na maswali mengine hayaendani na malezi yetu. Mtoto anayelishwa uji kwa mkono wa mama atashikaje kijiko? Hapo semeni, "Hatujajaribu", kisha mkajaribu nyumbani. Lakini mtoto aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, aliyekuwa akisema "mama" na sasa kimya, huyo msingoje miadi. Pigeni simu wiki hiyo hiyo. Kina baba, mke wako akikugusa goti, sikiliza.

Wenye miadi mwezi huu, leteni karatasi ofisini ikiwa tupu. Tutaisoma pamoja swali kwa swali, na mtoto awepo, tumwite jina tuone. Na mama uliyeniuliza pale mlangoni juu ya binti yako, usiondoke. Tuchukue chai, tukae pembeni tuongee.