Kuomba Msaada wa Matibabu: Maneno ya Kamati Mbele ya Mkutano Mkuu



Tumeazimia kuomba msaada wa fedha kwa shirika la matibabu, ili mgonjwa mahututi asikose gari la kumfikisha hospitali. Wakazi wa Likoni wayajua haya: hospitali kuu ya Makadara iko kisiwani, na gari halina budi kungojea feri au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Mama mwenye uchungu wa uzazi haambiwi asubiri.

Wako waonao haya kuomba. Lakini Amref, iliyoanzishwa mwaka 1957 na matabibu watatu wa upasuaji ili kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege, nayo hutegemea wahisani. Kuomba si aibu. Aibu ni kuomba bila hesabu.

Mtoaji hutaka kuona cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, na maelezo ya kazi itakayofanywa. Wengine wasema mgeni asifunue daftari zetu. Sisi twasema na zifunuliwe, kwanza mbele yenu wenyewe; mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena msaada una mwisho wake. Ukiisha, kitakachomvusha mgonjwa ni ada ya kila mwanachama. Kwa hiyo twawasihi mlipe ada zenu kabla barua haijapelekwa, ili tubishe hodi kwa mtoaji tukiwa na chetu mkononi.