Kwa nini PlayStation mpya haipandi Lushoto

Msikilizaji, tuanze na bei. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 iliuzwa dola 499 Marekani, zaidi ya shilingi milioni 1 kabla ya usafiri na ushuru. Sasa mtazame mwenye banda la gemu Lushoto mjini au Soni. Tuseme mechi ni shilingi 500: atachezesha zaidi ya mechi 2,000 ndipo mtaji urudi, bado umeme, bado pedi iliyolegea vitufe. Kwa upande wa pili, wapo watakaosema vijana wanataka picha kali, na ni kweli. Lakini mpira unachezeka vizuri kwenye mashine ya mtumba, na kijana aliyetoka kuuza kabichi analipia raha ya kumfunga mwenzake. Je, ni lini watengenezaji watamfikiria mwenye banda?